Sisi Tuliouona Moto: Ilani ya Kuanzisha Harakati Yetu

Ndugu zetu mlioko Vickery Meadow ya Dallas na Las Vegas Trail ya Fort Worth, Gulfton na Sharpstown za Houston. Ninyi mnaotoka zamu alfajiri na ninyi mnaoingia zamu usiku. Ninyi mliotoka Uvira, Fizi, Goma, Bujumbura, Kigoma, Mombasa, Unguja na Kismayu: zama mpya zimewadia. Zimekwisha zile zama ambazo aliyekimbia vita alitakiwa ashukuru, ainamishe kichwa na anyamaze. Leo tunasema kwa kinywa kipana, kwa Kiswahili, hapa Texas ambako mabomu ya nyuklia ya Marekani huungwa na ndege za kuyabeba huundwa: sisi ni mashahidi, na ushahidi wetu tunautoa.

Utaratibu wa kale umeshindwa. Hatutapoteza pumzi kumthibitishia mtu jambo hilo, maana sisi wenyewe ndio uthibitisho. Uliahidi kwamba hofu italeta amani, kwamba mwenye bomu kubwa atawatuliza wenye bunduki ndogo, kwamba watoto watalala usingizi chini ya kivuli cha makombora. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyelindwa na kivuli hicho. Tangu kilipotandazwa mwaka 1945, Kongo imeungua, Burundi imeungua, Rwanda imeungua, Somalia imeungua, Sudan inaungua hata sasa, na kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale zimelea watoto waliozaliwa na kadi ya mkimbizi, wakaoa nayo, wakazaa nayo. Utaratibu huo umekufa. Kazi iliyobaki ni kuuzika, kisha kujenga.

Tunaamini kwamba bomu hili linatuhusu tangu mwanzo wake. Karibu na Likasi, katika Katanga, upo mgodi unaoitwa Shinkolobwe. Agosti 1939 Albert Einstein alipotia saini barua yake kwa Rais Roosevelt, akimwonya kuhusu bomu la aina mpya, barua hiyo iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chimbuko kuu la urani. Mwaka uliofuata Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe hadi ghala moja la Staten Island, New York. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua, likaagiza mengine, likatuma wahandisi wake kuufufua mgodi. Mawe yale hayakuwa na mfano duniani: mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, wakati kwingineko wachimbaji waliridhika na asilimia moja au pungufu.

Na nani aliyachimba? Ni wanaume wa Katanga, waliosemeshana shimoni kwa Kiswahili, lugha hii hii tunayoandika hapa. Walishika mawe kwa mikono mitupu, wakayapakia, wakayapeleka relini. Hawakuambiwa ni ya nini. Vumbi la mgodi halibaki mgodini: hufuata nguo hadi nyumbani, hukaa kwenye mkeka, huingia kwenye kifua cha mtoto anayemkimbilia baba yake mlangoni. Vitabu vya historia ya bomu vimejaa majina ya wanafizikia na majenerali. Mchimbaji wa Shinkolobwe humo ni mkono tu, mkono usio na uso. Wapo kati yetu waliozaliwa Likasi na Lubumbashi. Wana haki ya kuuliza babu zao walipumua nini, na dunia ina wajibu wa kuwajibu.

Tunaamini kwamba safari ya mawe yale haikukoma Hiroshima. Imetufikia mlangoni. Ukiwa Fort Worth, shika barabara ya 287 kuelekea kaskazini-magharibi, pita Wichita Falls, pita Childress, na mwisho wa mchana utaingia Amarillo. Nje kidogo ya mji huo kipo kiwanda cha Pantex, ambako tangu 1975 silaha za nyuklia za Marekani huungwa na kufumuliwa, mahali pamoja tu katika nchi nzima. Wengi wetu tunaujua mji huo. Tulikwenda huko kukata nyama viwandani, tukapanga nyumba, tukaswali na kusali huko, na hakuna aliyetuambia kilichoko ng'ambo ya mashamba ya ngano.

Na Fort Worth yenyewe? Upande wa magharibi wa jiji, pale ilipoundwa B-36, ndege iliyobeba mabomu ya nyuklia ya Marekani mwanzoni mwa Vita Baridi, ndipo leo inapoundwa F-35. Mwaka 2023 ndege ya aina ya F-35A iliidhinishwa kubeba bomu la B61-12. Bomu hilo liliungwa Pantex, na nguvu yake inaweza kufikia mara tatu ya nguvu ya lile la Hiroshima. Watoto wetu wa Las Vegas Trail wanazijua ndege hizo kwa mlio. Wakisubiri basi la shule hunyanyua vichwa, hunyoosha vidole, hushangilia. Hatuwakatazi, ni watoto. Lakini tunajua kuna mstari unaotoka shimoni Katanga, ukapita ghala la New York, ukapita Hiroshima, ukapita Amarillo, ukafika juu ya kichwa cha mtoto wa Kikongo aliyevaa begi la shule. Mstari huo ndio sababu ya harakati hii kuzaliwa hapa, katika miji hii, na watu hawa.

Tunaamini katika neno la aliyeona. Jenerali huandika vita kwa mishale juu ya ramani. Aliyekuwepo huandika kiu. Ndugu, wasomeni manusura wa Hiroshima na Nagasaki; someni polepole, na mtakutana na nafsi zenu.

Msomeni Yoshito Matsushige, mpiga picha wa gazeti la mji wa Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 alitoka na kamera yake akafika daraja la Miyuki. Wanafunzi walikuwa wameketi barabarani, ngozi imewabambuka, polisi mmoja akiwapaka mafuta ya kupikia kwa kuwa hapakuwa na dawa nyingine. Matsushige aliinua kamera, akashindwa kubonyeza. Alisimama pale dakika nyingi, akihofu kwamba wale watoto wangemwona akiwapiga picha badala ya kuwasaidia. Hatimaye akapiga moja. Akasogea kupiga ya pili, na machozi yakaziba kioo. Siku nzima, katika jiji zima, alirudi na picha tano. Tunaziheshimu picha hizo tano, na tunaziheshimu pia zile ambazo hakuweza kuzipiga, maana nazo ni ushahidi.

Msomeni Dakta Michihiko Hachiya, aliyekuwa mkuu wa hospitali mjini humo. Mlipuko ulimvua nguo zote mwilini, akatembea uchi na majeraha pamoja na mkewe hadi hospitali yake mwenyewe, akawa mgonjwa ndani yake. Akiwa kitandani alianza kuandika shajara, na akaiandika hadi mwisho wa Septemba, siku baada ya siku, akishangaa kwa nini watu waliokuwa hawana jeraha lolote walianza kunyonyoka nywele, kutokwa madoa ya damu chini ya ngozi na kufa. Mwandishi John Hersey, ambaye toleo zima la jarida la The New Yorker la 31 Agosti 1946 lilibeba maelezo yake, aliandika kwamba kati ya madaktari 150 wa jiji, 65 walikuwa wamekwisha kufa na wengi wa waliosalia walikuwa wamejeruhiwa. Fikirini hilo, ninyi mnaofanya kazi katika hospitali za Houston. Siku hiyo hakuna wa kumwita. Daktari yuko chini ya kifusi pamoja na mgonjwa.

Msikilizeni Setsuko Thurlow, aliyekuwa na umri wa miaka 13 Hiroshima ilipopigwa, akafukiwa na jengo, akatambaa kuufuata mwanga huku wasichana wenzake wakiungua hai nyuma yake. Desemba 2017 alisimama Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani kwa niaba ya kampeni ya kimataifa ya kukomesha silaha za nyuklia. Mbele ya wafalme na mabalozi alimtaja mpwa wake Eiji, mtoto wa miaka minne, aliyeomba maji mpaka akafa.

Maji! Hilo ndilo neno linalorudi katika kila simulizi. Na hapo ndipo sisi tunaposimama kama watu waliopigwa kofi, kwa sababu tunamjua mtoto huyo. Alikuwa nasi njiani tulipokimbia mauaji ya Makobola. Alikuwa nasi Kisangani, Juni 2000, majeshi mawili ya nchi jirani yaliposhindana kwa mizinga siku sita katikati ya jiji ambalo halikuwa la kwao. Alikuwa nasi Goma, Januari 2025, maji na umeme vilipokatika na maiti zikalala barabarani. Manusura wa Hiroshima wanaandika pia juu ya yule waliyemwacha: mama chini ya boriti, jirani anayeita jina, moto unakaribia, na mwenye miguu anaondoka. Miaka themanini baadaye bado wanamwomba radhi. Ndugu, ni nani kati yetu asiye na mtu aliyemwacha njiani? Ni nani hasikii jina lake likiitwa? Mwenye kovu usidhani kapoa. Usiku wa 4 Julai, fataki zinapoanza kulipuka Dallas na Houston, wapo mama zetu wanaozima taa, wakawakusanya wajukuu bafuni kwenye kuta zisizo na dirisha, wakakaa nao sakafuni mpaka kimya kirudi. Wajukuu wanacheka. Bibi hacheki.

Tunakataa, basi, kuitwa watu wasiojua mambo ya usalama. Hakuna anayejua usalama kuliko bibi huyo.

Tunakataa hesabu za wanaolitetea bomu. Wanasema bomu liliokoa maisha kuliko liliyoyachukua, na wanataja watu waliodhaniwa wangekufa, huku wakiwasahau waliokufa kweli: Hiroshima watu wapatao 140,000 kufikia mwisho wa mwaka ule, Nagasaki wapatao 70,000. Miongoni mwao walikuwa maelfu kwa maelfu ya Wakorea, wengi wao waliochukuliwa kwa nguvu kuwafanyia kazi Wajapani, watu waliotawaliwa kama tulivyotawaliwa sisi. Mchimbaji aliyelazimishwa Katanga na kibarua aliyelazimishwa Hiroshima walikutanishwa na bomu lile, mmoja mwanzoni mwake na mwingine mwishoni mwake. Na huko Nagasaki, saa tano na dakika mbili asubuhi ya 9 Agosti, waumini walikuwa katika kanisa kuu la Urakami wakingojea kitubio. Bomu lilidondoshwa na watu wa dini ile ile juu ya watu wa dini ile ile. Mji uliokusudiwa siku hiyo ulikuwa Kokura. Wingu na moshi viliuficha, na ndege ikageuza. Hiyo ndiyo hekima ya wakubwa ambayo tunaambiwa tuiamini: mji mmoja uliishi na mwingine ukafa kwa sababu ya wingu.

Wanaoishi Houston na kudhani kwamba mambo haya ni ya mbali wakumbuke Texas City, mwendo mfupi kuelekea Galveston. Tarehe 16 Aprili 1947 meli iitwayo Grandcamp, iliyobeba mbolea tani zipatazo 2,300, ilishika moto bandarini na kulipuka. Walikufa watu zaidi ya 500, na nanga ya meli ilirushwa zaidi ya kilomita mbili. Mji ule unawakumbuka wafu wake hadi leo, na tunauheshimu. Ile ilikuwa shehena ya mbolea, na ilikuwa ajali. Bomu la Hiroshima lilikuwa na nguvu ya tani 15,000 za baruti kali, nalo lilikusudiwa. Leo duniani kuna vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000.

Tunakataa utukufu wa vita, na tunaukataa kwa niaba ya babu zetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wa Afrika Mashariki walibebeshwa mizigo ya Waingereza na Wajerumani kuvuka Tanganyika na Msumbiji. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kumalizika Ulaya. Katika majuma hayo mawili watu waliendelea kubeba, na kuanguka, kwa ajili ya vita ambavyo havikuwepo tena. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, limesimama mahali palipokuwa kambi ya wapagazi hao. Tunanunua nyanya juu ya historia yao. Kisha 1944 vijana wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipelekwa Burma, wakapigana na Wajapani katika matope ya bonde la Kabaw, wakiambiwa wanapigania uhuru. Waliporudi nyumbani, uhuru haukuwepo. Ilibidi waanze kuutafuta upya, na mara hii dhidi ya wale wale waliowapeleka.

Vita havikumpa babu kitu. Havikumpa mchimbaji kitu. Havikumpa Mjapani kitu wala Mmarekani aliyerudi nyumbani na ndoto mbaya. Na Kongo, ardhi iliyotoa mawe ya bomu, inachimbwa koltani na dhahabu huku bunduki zikilia, na mshindi bado hajaonekana, kwa kuwa hayupo.

Tunakataa pia chuki, na hapa tunataka kueleweka vizuri. Hatuwachukii wanaume na wanawake wanaofanya kazi Pantex au katika kiwanda cha ndege. Wana watoto, wana mikopo ya nyumba, wengine wanasali nasi Jumapili. Mwaka 1981 Askofu Leroy Matthiesen wa Amarillo aliwaandikia waumini wake waliounga mabomu, akiwaomba watafakari kama wanaweza kuendelea na kazi hiyo, na akatafuta msaada kwa yeyote ambaye angeacha. Alisemwa vibaya, alipingwa na majirani zake, na hakulifuta neno lake. Sisi tunaliokota pale alipoliacha. Tunamwambia mfanyakazi wa Pantex: mikono yako inajua kuunga, lakini inajua pia kufumua. Baada ya Vita Baridi kiwanda chako kilifumua maelfu ya mabomu, moja baada ya jingine, kwa uangalifu ambao dunia nzima inapaswa kuushukuru. Hatudai kazi yako iishe kesho. Tunadai ufumue mpaka la mwisho. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, kazi ya heshima, na watoto wako watajivuna kuisimulia.

Tunaamini kwamba Afrika ilikwisha kulikataa bomu, na kwamba sisi ni warithi wa kukataa huko. Ufaransa ilipolipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Algeria, tarehe 13 Februari 1960, bara zima lilipiga kelele. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere wa Tanzania alijiunga na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina kuwataka wenye mabomu waache kuyajaribu na kuyaunda, na Januari 1985 wakaurudia wito huo kwa pamoja huko Delhi: nchi maskini ya wakulima ikawaambia mataifa makubwa kwamba maisha ya dunia si mali yao peke yao. Afrika Kusini iliunda mabomu sita, ikayafumua yenyewe. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo 1996, ulianza kutumika 2009, na bara letu likawa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mwaka 2017 nchi 122 zilipitisha mkataba wa kuzipiga marufuku silaha hizo kabisa, nao ukawa sheria Januari 2021. Na 2022 Kongo, ndiyo, Kongo ya Shinkolobwe, iliuridhia. Nchi iliyonyang'anywa mawe ya bomu la kwanza imetia saini kwamba pasiwepo bomu la mwisho. Nani atatuambia kwamba hili ni jambo la Wazungu?

Tunaamini katika siku zijazo, na tunaziona wazi kuliko wale wanaotuita waota ndoto. Tunaiona Shinkolobwe iliyosafishwa, ina hospitali yake, na majina ya wachimbaji yameandikwa kwa kadiri yatakavyopatikana. Tunamwona mkulima wa Namtumbo, Ruvuma, ambako urani iko chini ya ardhi ya mashujaa wa Maji Maji, akijua kabla ya mtu yeyote kinachochimbwa, kinakwenda wapi, na kina madhara gani kwa kisima chake. Tunaiona Fort Worth ambayo mafundi wake, walio miongoni mwa hodari duniani, wanaunda ndege za kuzima moto wa misitu na ndege za kubebea wagonjwa. Tunaiona Houston, yenye kituo kikubwa cha tiba kuliko vyote duniani, ikipeleka wapasuaji na wakunga wake hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha Dakta Denis Mukwege, na wauguzi wetu wanaofanya kazi za chini katika kituo hicho wakiongoza msafara kwa kuwa ndio wanaoijua njia na lugha. Dunia ilitumia zaidi ya dola trilioni 2.7 kwa majeshi mwaka 2024. Fedha zipo. Zimekuwa zikipelekwa pabaya, nasi tumekuja kuzielekeza.

Tunaziona shule ambamo mtoto wa Gulfton anafundishwa Hiroshima na Shinkolobwe katika somo moja. Tunamwona akiuliza: kwa nini watu wazima walikubali? Na tunataka aulize akiwa mahali ambapo swali hilo ni la kihistoria.

Tunaamini kwamba muda ni mfupi. Wazee wa Kijapani waliounda chama cha Nihon Hidankyo mwaka 1956 walisubiri mpaka 2024 ndipo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Terumi Tanaka, aliyekuwa na miaka 13 Nagasaki, alihutubia Oslo akiwa na miaka 92. Umri wa wastani wa manusura umepita 85. Kila mwezi sauti zinapungua, na za kwetu pia zinapungua. Wazee walioiona Kongo ya 1964, Burundi ya 1972 na Fizi ya 1998 wako hapa, katika nyumba za kupanga za Dallas na Houston, wameketi mbele ya televisheni inayosema lugha wasiyoielewa. Hakuna aliyewauliza. Lugha yetu ina desturi kongwe ya kushuhudia vita: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi vita vya Wajerumani pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji, Shaaban Robert akatunga wa vita vya 1939 hadi 1945. Utenzi wa Shinkolobwe tunauhitaji. Utenzi wa Nyarugusu tunauhitaji. Washairi, wito huu ni wenu.

Kwa hiyo tunaanza. Kila mwenye mzee nyumbani amkalishe, awashe simu, amwache aseme kwa lugha ya moyo wake, iwe Kiswahili cha Lubumbashi au cha Mvita, Kibembe au Kirundi. Asimkatize, asimharakishe, na akitaka kunyamaza amwache anyamaze. Hatutachapisha jina la mtu asiyetaka litajwe. Tunajua wapo wenzetu ambao karatasi zao za uhamiaji hazijakamilika, na harakati hii haitamweka ndugu yeyote hatarini ili ipate sifa. Anayeweza kusimama mbele ya kamera asimame. Asiyeweza apike, atafsiri, aendeshe gari. Wote ni sawa.

Hiroshima ilipopigwa ilikuwa saa mbili na robo asubuhi ya 6 Agosti. Hapa Texas ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni ya 5 Agosti, saa ambayo zamu hubadilishana na njia kuu hujaa magari ya watu wanaorudi kwao. Jioni hiyo, kila mwaka, tutakusanyika Dallas, Fort Worth na Houston, Waislamu na Wakristo, wenye uraia na wasio nao, pamoja na Mjapani, Mkorea, Mmarekani na yeyote atakayekuja, na tutasoma ushahidi: wa kwao na wa kwetu, mmoja baada ya mwingine, mpaka giza liingie. Siku tatu baadaye, mabasi yetu yatashika barabara ya 287 hadi Amarillo. Tutasimama nje ya uzio wa Pantex bila jiwe mkononi na bila tusi mdomoni, tukiwa na majina ya Shinkolobwe, ya Hiroshima na ya Uvira, na tutawasalimu wafanyakazi wanapotoka.

Na kila mbunge wa Bunge la Marekani anayeziwakilisha Vickery Meadow, Las Vegas Trail, Gulfton na Sharpstown atapokea kutoka kwetu barua yenye maswali mawili: je, utapiga kura fedha za kuunga mabomu mapya zihamishiwe kwenye kufumua yaliyopo? Na je, utadai serikali za Marekani na Ubelgiji ziwalipe watu wa Shinkolobwe? Jibu lake, au kimya chake, tutalisoma hadharani, kwa Kiswahili, katika kila kanisa, kila msikiti na kila ukumbi wetu, kabla ya uchaguzi.